Baridi Yabisi na Mizani ya Dawa

Mnunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, huangalia jambo moja kabla mzigo haujawekwa juu ya mizani: mshale uwe kwenye sifuri. Ukianzia kwenye kilo mbili, hesabu yote itakayofuata itakuwa ya uongo, hata kama kila furushi litapimwa kwa uangalifu. Kanuni hiyo ya sokoni inamfaa pia mtu anayetaka kuelewa madhara ya dawa zinapotumiwa kwa pamoja. Makala haya yanaieleza kwa mfano wa ugonjwa wa baridi yabisi na tiba yake kwa mkazi wa kando ya Ziwa Viktoria.

UGONJWA NA DAWA ZAKE

Watu wengi huita maumivu yoyote ya viungo "baridi yabisi". Hapa jina hilo lina maana ya ugonjwa mmoja mahususi, ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo vya vidole na vifundo vya mikono huvimba pande zote mbili, na asubuhi hukakamaa kwa muda unaoweza kuzidi saa moja. Usipotibiwa, gegedu na mfupa huliwa polepole, na mkono huweza kupinda daima. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na haungojei uzee. Wala hausababishwi na baridi ya ziwani, licha ya jina lake.

Dawa zake ni za namna mbili. Za kwanza, kama diklofenaki na ibuprofeni, hupunguza maumivu na uvimbe upesi, lakini hazizuii mfupa kuliwa. Za pili huuzuia ugonjwa wenyewe, nazo ni methotreksati, sulfasalazini, haidroksiklorokwini na leflunomidi. Faida yake huonekana baada ya wiki kadhaa au miezi. Katikati ya makundi haya husimama predinisoloni, ambayo hutuliza uvimbe kwa siku chache, ila ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupunguza uwezo wa mwili kupambana na maambukizo, kifua kikuu kikiwa kimojawapo.

KWA NINI DAWA HUCHANGANYWA

Mwaka 1996, James O'Dell na wenzake wa Nebraska, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 102 waliogawanywa katika makundi matatu. Kipimo chao cha mafanikio kilikuwa nafuu ya asilimia 50, iliyodumu hadi miaka miwili bila madhara makubwa ya dawa. Waliotumia methotreksati peke yake na kufikia kipimo hicho walikuwa 12 kati ya 36. Waliotumia sulfasalazini pamoja na haidroksiklorokwini walikuwa 14 kati ya 35. Waliotumia dawa zote tatu walikuwa 24 kati ya 31.

Mwanafunzi na azingatie jambo lililo katika tarakimu hizo. Kama madhara yangekuwa kitu cha kujumlishwa tu, dawa tatu zingeleta madhara mara tatu, na kundi la mwisho lingeshindwa. Haikuwa hivyo. Kwa hiyo swali la kisayansi si idadi ya dawa, bali ni mahali zinapokutana ndani ya mwili.

MADHARA HUKUTANA WAPI

Mahali pa kwanza ni kiungo kimoja. Methotreksati na leflunomidi zote huweza kuumiza ini. Diklofenaki na predinisoloni zikimezwa pamoja huongeza hatari ya vidonda vya tumbo.

Mahali pa pili ni hatua moja ya kikemia. Methotreksati huzuia kimeng'enya kinachoitengeneza folati iwe katika umbo linalotumika kujenga DNA. Uboho wa mifupa, ambao huzalisha chembe mpya za damu kila siku, hauwezi kufanya kazi bila folati hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa pia vidonge vya asidi ya foliki, na kwa kawaida huelekezwa asivimeze siku moja na methotreksati. Basi kuna dawa nyingine inayolenga kimeng'enya cha namna hiyohiyo, nayo ni trimethoprimu, sehemu ya dawa inayojulikana kwa jina la Septrin. Imekusudiwa kuua bakteria, na peke yake hukigusa kidogo sana kimeng'enya cha binadamu. Lakini kidogo hicho kikiongezwa juu ya methotreksati, uboho unaweza kusimama.

Mahali pa tatu ni mlango wa kutokea. Methotreksati hutolewa mwilini na figo. Diklofenaki hupunguza damu inayopita kwenye figo, na trimethoprimu hugombania mlango uleule. Dawa isiyotoka hurundikana, na dozi iliyokuwa salama huwa sumu. Msomaji ataona kwamba Septrin hukutana na methotreksati mara mbili: kwenye uboho na kwenye figo.

MIZANI YA KANDO YA ZIWA

Wagonjwa wa Nebraska hawakuishi na kichocho. Kando ya Ziwa Viktoria hali ni tofauti. Konokono wa jamii ya Biomphalaria hubeba kimelea cha kichocho cha tumbo, na wanaoingia majini kuvua, kuteka au kufua huambukizwa tena na tena tangu utotoni. Mayai ya kimelea huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa katika mishipa midogo, na kovu likajengeka kuizunguka.

Kovu hilo huleta mambo matatu yanayohusu mizani yetu. Kwanza, damu isiyopita vizuri kwenye ini hutafuta njia nyingine, na mishipa ya umio huvimba hadi kuweza kupasuka. Mgonjwa hutapika damu, na huweza kufa. Diklofenaki na aspirini huongeza hatari hiyo. Pili, bandama huvimba na kuzinasa chembe nyeupe pamoja na chembe sahani zinazogandisha damu, hivyo hesabu ya damu huwa chini kabla methotreksati haijaanza. Tatu, seli zenyewe za ini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, kwa hiyo kipimo cha damu cha ini kinaweza kuwa cha kawaida ilhali kovu ni kubwa. Kipimo cha mawimbi ya sauti huweza kulionyesha kovu ambalo damu imelificha.

Chukulia mama wa kisiwani Ukerewe, ambaye huanika dagaa kwa mikono iliyokwisha kuvimba viungo. Akipewa dawa kwa kufuata kitabu kilichoandikiwa watu wasio na kichocho, atakuwa amepimwa kwa mizani isiyoanzia kwenye sifuri.

DAWA ISIYOANDIKWA KWENYE CHETI

Hatari kubwa zaidi huenda isiwe katika cheti cha daktari wa viungo. Mama huyo akipata homa na kikohozi, atakwenda kwenye duka la dawa lililo karibu. Huenda akauziwa Septrin, ambayo ni dawa ya kawaida kabisa, na ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa ili kujikinga na maambukizo. Muuzaji hajui kwamba Jumamosi mteja wake humeza methotreksati, na mteja hajui kwamba ilipasa aseme. Vidonda mdomoni, homa isiyoisha, na damu kutoka kwenye fizi ndizo dalili za uboho unaoshindwa, lakini ni rahisi kuzidhania kuwa malaria.

Kuna jambo la kalenda pia. Kwa baridi yabisi, methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Kwa kuwa karibu vidonge vyote vingine humezwa kila siku, kosa la kuimeza kila siku limewahi kuua watu katika nchi mbalimbali. Aidha, dawa hii huharibu mimba. Mwanamke anayeitumia hana budi kuzuia mimba.

KUPIMA KWA MPANGILIO

Je, basi, dawa ziachwe? La. Kutotibu nako kuna uzito wake: mkono uliopinda haunyooki kwa majuto, na mtu anayeishi kwa kazi ya mikono hupoteza riziki. Linalotakiwa ni kuurudisha mshale kwenye sifuri kwanza. Kabla ya tiba, kichocho kitafutwe na kutibiwa kwa prazikwanteli, ijapokuwa kovu la zamani huweza kubaki. Kifua kikuu, virusi vya homa ya ini na UKIMWI vipimwe. Damu, ini na figo vichunguzwe. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa katika Kanda ya Ziwa. Baadaye damu ipimwe mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Mgonjwa naye aandike majina ya dawa zake zote kwenye karatasi moja, na kuionyesha kila anaponunua au kupewa nyingine. Asiache wala kupunguza dawa bila ya kumwuliza daktari, hasa predinisoloni, ambayo kuikatiza ghafla kuna hatari yake.

Karatasi hiyo haigharimu kitu, nayo inaweza kuokoa uhai.

MASWALI

1. Mgonjwa ameandikiwa miligramu 10 za methotreksati kwa wiki, na kila kidonge kina miligramu 2.5. Atameza vidonge vingapi kwa wiki? Akikosea na kumeza idadi hiyo kila siku, atakuwa ametumia miligramu ngapi kwa wiki?

2. Eleza kwa nini kipimo cha kawaida cha damu hakithibitishi kwamba ini halina kovu la kichocho.

3. Chora jedwali la diklofenaki, predinisoloni, methotreksati na Septrin. Onyesha kila jozi hukutana wapi: kwenye tumbo, uboho au figo. Ni jozi ipi inayokutana mahali pawili?