Kuhifadhi Picha za Kufundishia kwa Mkupuo

Picha ni zana ambayo mwalimu wa shule ya msingi ameitumia tangu zamani, awe ameichora mwenyewe kwa chaki au ameikata gazetini. Siku hizi wengi wetu hupiga picha zetu wenyewe kwa simu, na hivyo tumeirithi kazi ambayo hapo zamani ilikuwa ya fundi wa studio, yaani kuzitunza. Katika makala haya tunakusudia kueleza sehemu moja tu ya kazi hiyo: namna ya kurekebisha picha nyingi kwa mkupuo na kuzihifadhi katika folda ya pekee, mbali na picha za asili. Tutatumia mfano wa somo la mmomonyoko wa udongo, kwa kuwa ni katika somo hilo sisi wenyewe tulipata hasara.

Nyuma ya shule moja tuliyokuwa tukienda kusimamia mazoezi ya kufundisha palikuwa na korongo lililopanuka kila masika. Tuliazimia kulipiga picha baada ya mvua za mwaka 2022, 2023 na 2024, ili wanafunzi wa Darasa la Tano walinganishe. Katika kila picha mwanafunzi mmoja alisimama ukingoni akishika rula ya mita wima, ili kina cha korongo kiweze kusomwa. Picha za mwaka wa kwanza zilikuwa 64, nazo zilikuwa nzito mno kutumiwa wenzetu kwa simu. Mmoja wetu akaiamuru programu izipunguze zote, akabonyeza pa kuhifadhi. Programu haikuuliza iziweke wapi. Iliziweka pale pale, juu ya zile za asili, na simu iliyozipiga ilikuwa imekwisha kufutwa ili ipate nafasi. Tuligundua jambo hilo mwaka 2024 tulipotaka kuchapa chati. Rula katika picha za mwaka wa kwanza ilionekana kama fimbo nyeupe tu, isiyo na alama hata moja ya kusomeka. Kupiga upya haikuwezekana. Ukingo aliosimamia yule mwanafunzi ulikuwa umekwisha kwenda na maji.

Hebu tuifanye hesabu yake, maana mwalimu akiielewa hesabu hii hatahitaji kukumbushwa. Picha ya simu yetu ilikuwa na nukta, au pikseli, 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, jumla 12,000,000. Baada ya kupunguzwa ilibaki na 640 kwa 480, yaani 307,200. Kwa kila nukta 39 ilibaki moja. Karatasi ya chati ya A3 ina sentimita 42 kwa upande wake mrefu. Tukitaka nukta 60 katika kila sentimita, kiasi kinachotosha kwa chati ya ukutani, tunahitaji nukta 2,520. Picha ya asili ina za kutosha na ziada. Ile iliyopunguzwa inatosha sentimita 10 na ushei tu, na tukiilazimisha kukua, kompyuta hujaza mapengo kwa kukisia. Haiwezi kurudisha alama za rula ambazo haimo nazo tena. Aidha, picha nyingi za simu huhifadhiwa kwa utaratibu wa JPEG, uliokubaliwa rasmi mwaka 1992, ambao hupunguza uzito kwa kuacha sehemu ya habari za picha. Kila picha ya namna hiyo inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena, hupoteza kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo marekebisho yote yafaa yaanzie kwenye picha ya asili, wala si kwenye nakala ya nakala.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kufungua programu yoyote, mwanachuo aunde folda mbili, moja aiite Asili na nyingine Tayari. Picha zote kutoka kwenye simu zinakiliwe Asili, kisha zihesabiwe. Folda ya Tayari iwe kando ya Asili, isiwe ndani yake. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu programu nyingi zaweza kuagizwa kupitia pia folda zilizomo ndani. Mwalimu akirudia kazi siku ya pili, programu itazikuta picha zilizokwisha kupunguzwa na kuzishughulikia tena kana kwamba ni mpya.

Kwa kompyuta za Windows iko programu ya IrfanView, ambayo mtu binafsi aweza kuitumia bila malipo. Ukiifungua na kubonyeza herufi B, hutokea dirisha la kushughulikia picha kwa mkupuo. Hapo huteuliwa picha, huandikwa ukubwa unaotakiwa, na huonyeshwa folda ya kuwekea matokeo. Mahali hapo pa folda ndipo pa kutazamwa mara mbili. Dirisha hilo hilo lina pia visanduku vya kuruhusu mafaili yaliyopo yaandikwe juu na vya kufuta picha za asili baada ya kazi. Visanduku hivyo viachwe vitupu. Wapendao kutumia amri watapata ImageMagick, lakini wajihadhari: amri yake ya mogrify kwa kawaida huandika juu ya picha ya asili, isipokuwa imeelekezwa kwingine. Ukiwa ndani ya folda ya Asili, huandikwa hivi:

mogrify -path ../Tayari -resize 1280x1280 *.jpg

Maneno yanayofuata mogrify hadi Tayari ndiyo yanayoziokoa picha. Yakisahauliwa, amri itatii vilevile, tena kimya kimya.

Yafaa kuanza na picha tatu, kuzikagua kwa macho, ndipo kuruhusu zote. Mwisho zihesabiwe za folda zote mbili. Kama Asili zipo 64 na Tayari zipo 61, mara nyingi programu imekwama mahali, au picha mbili zimepewa jina moja. Hili la pili hutokea hasa walimu wawili wanapokusanya picha za simu zao, kwani simu hujipangia majina yanayofanana. Jina kama korongo-2023-014 huzuia mgongano, na hutunza mwaka, ambao ndio kiini cha somo letu; tarehe anayoionyesha kompyuta kando ya faili yaweza kuwa ya siku ya kurekebisha.

Si kila rekebisho lifaalo kufanywa kwa mkupuo. Kupunguza ukubwa, ndiyo. Kukata kingo, hapana: kipimo kinachofaa picha moja kitakata rula katika nyingine. Kuhusu nyuso za watoto, picha zitakazotoka nje ya shule zikatwe moja moja ili uso usionekane, na folda ya Asili isitumwe kwa mtu.

Chuo chenye kompyuta chache chaweza kufundisha haya kwa bahasha. Wanachuo wapewe kadi kumi zilizochorwa na bahasha mbili zenye majina yale yale. Kikundi cha kwanza kinakili kila kadi kwa udogo na kutia nakala katika bahasha ya Tayari. Kikundi cha pili kifute michoro kwenye kadi zenyewe na kuchora midogo mahali pake. Kisha mkufunzi aviombe vikundi vyote viwili mchoro mkubwa wa kadi ya saba. Tumelifanya zoezi hili kwa dakika 40, na kikundi cha pili daima huanza kubishana kabla ya kengele.