Kwangua Kwanza, Ndipo Upake
Somo: Walawi 14:33–48

Fundi mzuri haanzi na brashi. Anatoa vitu chumbani, anakwangua rangi inayobanduka, anaosha ukuta na kuuacha ukauke, anaziba nyufa, anapiga msasa, anafuta vumbi. Rangi ya zamani sana huilowesha kabla ya kukwangua, maana inaweza kuwa na risasi, na vumbi lake hudhuru watoto. Ukipaka juu ya unyevu, ukuta utang'aa wiki chache tu, kisha rangi itafura na kubanduka.

Angalia utaratibu wa Musa kwa nyumba yenye pigo ukutani:

1. Vitu vilitolewa kabla kuhani hajaingia.
2. Nyumba ilifungwa siku 7, ikakaguliwa tena.
3. Pigo likienea, mawe yenye madoa yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa, vumbi likamwagwa nje ya mji.
4. Ndipo ikapigwa lipu mpya. Pigo likirudi, nyumba ilibomolewa.

Mpendwa, kuna ugomvi kwako uliofunikwa na "yaishe tu" bila kuongea? Utarudi. Wiki hii keti na mwenzako, mkwangue kwanza. Amina?