Chupa ya Maji ya Baiskeli: Iepushe na Kuvu na Ukijani

Chupa ya baiskeli hujazwa asubuhi, hushinda juani, hurushiwa vumbi na matope, kisha jioni huachwa kwenye kishikio ikiwa na maji kidogo. Hapo ndipo uchafu huota.

Kinachoota ndani

- Madoa meusi au yenye manyoya ni kuvu. Huota penye unyevu, hasa kukiwa na mabaki ya juisi au glukosi.
- Rangi ya kijani ni mwani. Huota maji yakikaa kwenye mwanga, zaidi katika chupa angavu.
- Utelezi usio na rangi ni utando wa bakteria.

Kuvu huweza kumsumbua mwenye pumu au mzio, na bakteria huweza kuleta kuhara. Matope yaliyorukia mdomo wa chupa nayo ni hatari: mwaka 2008, huko Builth Wells nchini Wales, washiriki wengi wa mashindano ya baiskeli za milimani waliugua tumbo, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walimeza matope yenye kinyesi cha mifugo. Pangusa mdomo wa chupa kabla ya kunywa.

Kila siku ukirudi

1. Mwaga maji yaliyobaki.
2. Fungua kifuniko, kinyonyeo na kile kipete cha mpira. Kuvu hujificha humo kuliko ndani ya chupa.
3. Sugua kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo.
4. Suuza, kisha anika vipande vyote mbalimbali, chupa ikiwa kichwa chini, hadi vikauke kabisa.

Uchafu ukishaota

Sugua kwanza kwa sabuni. Chupa ikiwa na shingo nyembamba, tia mchele mkavu kiganja kimoja na maji ya sabuni, utikise kwa nguvu. Kisha changanya kijiko 1 cha chai cha dawa ya klorini isiyo na manukato katika lita 1 ya maji safi. Zamisha vipande vyote kwa dakika chache, suuza, anika.

Onyo: Usichanganye klorini na siki, hutoa gesi ya sumu.

Harufu au madoa yakibaki, au plastiki ikiwa na mikwaruzo mingi, nunua chupa nyingine. Anayehara damu au kupata homa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.