Punda wa maji: jinsi ya kumtunza na jinsi ya kumchangia

Katika mji wa Takaba na vijiji vya Mandera Magharibi, maji ya nyumba nyingi hayaji kwa mfereji. Huja kwa punda. Lambo likiwa na maji, punda hulifuata lambo. Likikauka, hufuata kisima cha mbali zaidi. Hata wakati wa kiangazi kikali, boza la maji linapofika, bado kuna kipande cha mwisho kutoka pale linapomwaga maji hadi kwenye manyatta, na kipande hicho hutembewa na punda. Wasomali humwita dameer, Waborana humwita harre. Kwa lugha yoyote, yeye ndiye anayeamua kama mama atarudi nyumbani na mitungi minne au na mmoja mgongoni mwake.

Pamoja na kazi hiyo yote, punda hahesabiwi popote. Diya huhesabiwa kwa ngamia. Zaka ya mifugo hutolewa kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo: mwenye ngamia watano hutoa mbuzi mmoja, mwenye mbuzi arobaini hutoa mmoja, lakini punda wa kazi hatolewi zaka. Mpango wa serikali wa bima ya mifugo, ulioanza mwaka 2015 huko Turkana na Wajir kabla ya kufika Mandera, ulipima ukavu wa malisho kwa setilaiti na kulipa kwa hesabu ya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Serikali inaponunua mifugo dhaifu wakati wa ukame ili nyama isipotee, punda hayumo, kwa kuwa nyama yake ni haramu kwa Waislamu na hakuna jikoni huku itakayoipokea.

Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Familia iliyopoteza mbuzi ilipoteza maziwa na pesa. Familia iliyopoteza punda ilipoteza njia ya kufikia maji, na mara nyingi ilimpoteza wakati uleule ambapo maji yalikuwa yamesogea mbali zaidi. Mzigo ule ulihamia kwenye migongo ya wanawake na wasichana. Kwa sababu hiyo, afya ya punda ni jambo la nyumba nzima, si la mchungaji peke yake.

Mzigo

Hesabu ya mzigo ni rahisi kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa kawaida ni lita 20, yaani kilo 20 bila kuhesabu plastiki yenyewe. Punda wa huku kwetu ni mdogo wa umbo. Wengi wana uzito wa kati ya kilo 120 na 150. Wataalamu hushauri punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na theluthi ya kilo 150 ni 50. Basi mitungi miwili ni mzigo wa haki. Mitungi minne, ambayo ndiyo inayoonekana kila siku njiani, ni kilo 80.

Mwenye nyumba atauliza: nyumba ina watu wanane, lambo liko mwendo wa saa mbili, nitafanya safari ngapi? Swali hilo ni la haki na halina jibu la bure. Lakini kuna njia ya kati. Mkokoteni hubadilisha hesabu yote, kwa sababu uzito hubebwa na magurudumu na punda huvuta tu. Kwenye njia tambarare punda mmoja huvuta mzigo ambao hangeweza kamwe kuubeba mgongoni. Nyumba mbili au tatu zikinunua mkokoteni mmoja kwa pamoja, punda hupona na maji huongezeka.

Mkokoteni nao una sharti lake. Mitungi ipangwe juu ya ekseli. Ikirundikwa mbele, vijiti vya mkokoteni humkandamiza punda shingoni na mgongoni. Ikirundikwa nyuma, vijiti huinuka na mshipi wa tumboni humkaba. Njia ya kupima ni kuinua vijiti kwa mikono kabla ya kumfunga punda. Mtu mmoja akiweza kuviinua bila shida, na visiruke vyenyewe juu, mzigo umekaa sawa. Njia yenye mawe au mchanga mwingi hupunguza uwezo wa punda, kwa hivyo mitungi ipunguzwe pia.

Vidonda

Nenda mahali popote punda wanaposubiri na utazame migongo. Kidonda cha mgongo, cha kifua na cha chini ya mkia ndicho kinachoonekana zaidi, na karibu chote hutokana na kamba. Kamba ya nailoni ni rahisi na haikatiki, lakini ikikaza juu ya ngozi yenye jasho hukata kama kisu. Bora mshipi mpana wa turubai au wa gunia lililokunjwa, upana wa kiganja au zaidi, utakaosambaza nguvu ya kuvuta kifuani. Kwa punda wa kubeba mgongoni, matandiko yawe mazito, na yawe na mfereji katikati ili mzigo ukae pande mbili za uti wa mgongo, usiulalie mfupa. Matandiko yakikauka na jasho yanakuwa magumu kama ubao. Yafuliwe na kuanikwa.

Kufunga miguu ya mbele ili punda asiende mbali ni desturi ya zamani. Ikiwa hakuna budi, tumia kitambaa kipana na ukifungue kila siku. Kamba nyembamba iliyosahaulika mguuni kwa wiki moja hufika kwenye mfupa.

Kidonda kikishatokea, chemsha maji lita moja, yaache yapoe, tia vijiko viwili vidogo vya chumvi, osha taratibu mpaka uchafu utoke. Punda apumzike mpaka ngozi ifunge. Mafuta machafu ya gari, maji ya betri na majivu huchoma nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona. Chuma cha moto, ambacho wazee wengi bado wanakiamini kwa kila ugonjwa, huongeza kidonda cha pili juu ya cha kwanza. Kusema hivyo si kuwadharau wazee. Ujuzi wao wa kumsoma mnyama, malisho na mvua hauna mpinzani, na daktari wa mifugo mwenye busara huanza kwa kuwauliza wao. Kwenye chuma cha moto, hata hivyo, ushahidi hauwaungi mkono.

Kuna hatari nyingine iliyofichwa kwenye jina lenyewe. Kiswahili huuita ugonjwa wa tetanasi pepopunda. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa kwa urahisi zaidi na ugonjwa huo, ambao huingia kupitia kidonda chenye udongo au msumari uliochoma kwato. Mnyama hukakamaa, taya hufunga, mkia husimama, na akifika hapo mara nyingi hapone. Chanjo ipo. Mwenye punda amuulize afisa wa mifugo kuihusu kabla ya kidonda, maana baada ya dalili inakuwa vigumu sana. Mtu aliyechomwa au kukatwa wakati wa kumhudumia punda naye aende kituo cha afya, kwa kuwa ugonjwa ni uleule.

Maji, chakula na ukimya wake

Punda huvumilia kiu kuliko ng'ombe, na uvumilivu huo ndio unaomponza. Anaweza kupoteza maji mengi mwilini huku akiendelea kutembea, na mwenyewe akadhani yuko salama. Apewe maji kabla ya kupakiwa na baada ya kushushiwa mzigo, na anywe mpaka aache mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kumwona mnyama amesimama juani kwa saa nyingi akiwa na lita 80 za maji mgongoni, naye hajanywa.

Tofauti na mbuzi na ng'ombe, punda hacheui, na hawezi kutapika. Anachomeza hakina njia ya kurudi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, lakini kamba za plastiki na karatasi za nailoni bado hupeperuka kuzunguka masoko, na punda mwenye njaa huzila. Zikijikusanya tumboni huziba. Dalili ni punda kujiangalia ubavuni, kulala na kuinuka mara kwa mara, kukataa kula. Hapo ni kumtafuta mtaalamu siku hiyohiyo.

Kwa jumla punda hapigi kelele akiwa na maumivu. Anainamisha kichwa, masikio hayageuki kufuata sauti, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Aliyezoea kumwita punda mvivu au mkaidi angeanza kwa kutazama kwato zake. Kwato zikaguliwe kila siku na kutolewa mawe, na zikatwe na mtu aliyefunzwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Dawa ya minyoo, walau mara mbili kwa mwaka, hutolewa kwa ushauri wa afisa wa mifugo.

Ngozi yenye soko

Punda wa Takaba ana adui ambaye hajawahi kumwona. Huko China kuna dawa ya kienyeji iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Punda wa China walipopungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Kuanzia 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, na yakawa manne: Mogotio katika Kaunti ya Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Utafiti wa KALRO, shirika la kitaifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ulionyesha kwamba kati ya 2016 na 2018 yalichinja punda 301,977. Wizi wa punda uliongezeka katika sehemu nyingi za nchi, na wenye punda wakaamka na kukuta mizoga iliyochunwa ngozi.

Idadi hiyo haizibiki haraka. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, aliamuru uchinjaji ukome. Mahakama Kuu iliibatilisha amri hiyo mwaka 2021 baada ya mojawapo ya machinjio kwenda kortini. Kisha Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kwa mkazi, jambo la kufanya ni dogo na la wazi. Mifugo haisafirishwi kutoka eneo moja hadi jingine bila kibali cha ofisi ya mifugo. Lori lililobeba punda usiku, au mzoga uliochunwa ngozi kando ya barabara, uripotiwe kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Sheria inasemaje

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamfanya mtu kuwa na hatia akimpiga mnyama kikatili, akimpakia kupita kiasi, akimwendesha kupita nguvu zake, au akimfanyisha kazi mnyama mgonjwa au mwenye jeraha asiyefaa kwa kazi. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Mkazi anayeuliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo kuhusu punda wake haombi hisani.

Mfuko wa punda

Hata hivyo ofisi ni chache na eneo ni pana: Takaba, Takaba Kusini, Lagsure, Dandu na Gither ni wadi ambazo mtu hazizunguki kwa siku moja. Ndiyo maana michango ya wenyewe ina nafasi. Sehemu nyingine za Kenya, kama Mwea, vikundi vya wenye punda vimefanya kazi kwa miaka na mashirika kama KENDAT na Brooke. Huku, mazoea ya kusaidiana ni ya kale zaidi kuliko shirika lolote. Waborana wana busa gonofa, ambapo aliyepoteza mifugo huchangiwa na ukoo asimame tena. Akina mama wa mjini wana ayuto, ambapo kila mmoja hutoa kiasi na zamu hupokewa. Kinachohitajika ni kumwingiza punda ndani ya hesabu ambayo tayari ipo.

Chukua mfano wa watu ishirini, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi na 24,000 kwa mwaka. Hazinunui punda wengi. Lakini zinatosha kuweka sanduku la dawa ya vidonda, kulipa usafiri wa mtaalamu anayekuja kutoa dawa ya minyoo kwa punda wote siku moja badala ya kila mtu kumtafuta kivyake, na kubaki na akiba kwa mwanachama ambaye punda wake amekufa. Kikundi kinachotaka mkokoteni wa pamoja kinaweza kuufanyia harambee ya mara moja, na kuacha michango ya kila mwezi kwa matibabu.

Vikundi vingi huvunjika kwa ajili ya pesa, hivyo utaratibu uwekwe siku ya kwanza. Pesa zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Kikundi kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, kifungue akaunti yenye watia saini watatu, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, kwa kuwa wengi wanaochota maji hawakwenda shule. Wanawake wawe kwenye kamati. Wao ndio wanaojua ni punda yupi anayechechemea.

Matumizi ya kwanza ya mfuko yanaweza kuwa hori la maji na kivuli penye foleni. Hori lijengwe kando ya mahali pa kuchotea, si juu yake, ili kinyesi kisiingie kwenye maji ya watu, na liwe na kimo kinachofika kifuani mwa punda. Kamati ya maji ikubali tangu mwanzo ni mitungi mingapi itakayomwagwa humo kila siku wakati wa kiangazi, na nani ataimwaga.