Muuguzi wa Waraibu Mpakani: Somo la Tadriji, Ulimi na Amana



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosoma hapa Mbale hupita Tororo na Malaba, au Busia, tunapokwenda nyumbani Kenya likizoni. Tunayaona malori kwenye foleni, wabadilishaji fedha na bodaboda. Tunawaona pia vijana waliolala kando ya barabara asubuhi, wakinuka waragi. Husema “astaghfirullah”, tukageuza uso, safari ikaendelea. Somo letu leo linamhusu asiyeweza kugeuza uso: muuguzi wa jamii anayewatibu waraibu. Wapo wanaodhani kazi yake ni kuwalegezea walevi. Mimi naona inakwenda sambamba na njia ambayo dini yetu iliifuata kuwatoa watu katika ulevi.

Hali ilivyo

Mpaka huu umewagawa watu wa damu moja. Wateso wako pande zote mbili, na pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Juu yake imekuja pombe kali: waragi upande wa Uganda, chang'aa upande wa Kenya. Kenya iliweka sheria mpya ya vileo mwaka 2010, na Uganda ikapiga marufuku viroba mwaka 2019. Lakini inayopikwa nyumbani haina kipimo, na ikiingia methanoli humpofua mnywaji au kumuua. Kuna pia bangi, na miraa ambayo Uganda huitwa mairungi.

Somo la kwanza: tadriji

Tunajua darasani kwamba khamri haikuharamishwa kwa siku moja. Katika Al-Baqara aya ya 219 watu walielezwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Katika An-Nisaa aya ya 43 wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Kisha Al-Maida aya ya 90 na 91 zikafunga mlango kabisa. Bibi Aisha (r.a.) alieleza, kama alivyopokea Bukhari, kwamba lau katazo lingetangulia, watu wangekataa kuiacha.

Tuelewane hapa. Hukumu imekamilika, na hakuna anayeweza kusema leo kwamba yeye bado yuko kwenye aya ya An-Nisaa. Ila mwili wa mraibu nao una hukumu zake. Nilimuuliza muuguzi mmoja wa Busia, mama wa makamo, ni wakati gani humtia hofu zaidi. Akanijibu: “Mwanangu, ni siku za mwanzo za Ramadhani.”

Alinifafanulia hivi. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka na kutoka jasho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Baina ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa. Jamaa husema amepagawa na jini, wakamsomea huku saa zinapita.

Tiba ipo. Hupewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, na huangaliwa kwa karibu. Kwa hiyo anaacha pombe siku hiyo hiyo, na dawa inaubeba mwili wake mpaka utulie. Kanuni ya fiqhi kwamba madhara huondolewa inafanya kazi hapa. Na kumsomea Qur'ani ni kheri, lakini asomewe akiwa kituo cha afya.

Somo la pili: ulimi

Imepokewa katika Bukhari kwamba sahaba mmoja aliadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Zingatieni: adhabu haikufutwa, na heshima yake haikuvunjwa.

Kwa muuguzi jambo hili ni la kitabibu pia. Swali lake la kwanza ni: ulikunywa lini mara ya mwisho, na kiasi gani? Kipimo cha dawa hutegemea jibu hilo. Mgonjwa aliyezoea kutukanwa hupunguza kiasi kwa aibu, na dawa ikakosea. Ndiyo maana mama yule humwita kila mmoja kwa jina lake, na mwenye umri mkubwa humwita mzee.

Somo la tatu: amana

Mpakani watu wanajuana. Muislamu huogopa kuonwa na watu wa msikiti wake akiingia kliniki, basi huvuka kutafuta tiba upande wa pili, au haendi kabisa. Akivuka, laini ya simu hubadilika na muuguzi hampati tena. Kwa mraibu wa heroini kukatika huko ni hatari kubwa. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na Butabika, Kampala, mwaka 2020, hunywewa kila siku. Mgonjwa akiacha siku kadhaa, mwili hupoteza uzoefu, na kiasi kile kile cha zamani cha heroini kinaweza kumuua. Kumsitiri basi ni ibada, na ni kinga ya uhai wake.

Tufanye nini?

Unayesomea uuguzi au utabibu, usiikimbie fani hii. Akina dada na akina kaka wanahitajika sawa. Unayetoa mawaidha, mtu akikujia akisema anataka kuacha pombe, mpongeze, muulize anakunywa kila siku au la, kisha mfuatane hadi kituo cha afya kabla hajaacha peke yake. Ukiona anatetemeka au anaona vitu, ni hospitali mara moja. Na jina lake lisitoke mdomoni mwako.

Kwa halaqa ya wiki hii tujadili: msikiti wetu ukiletewa mraibu usiku wa leo, nani ataongozana naye, na atapelekwa wapi?

Allah awaafu wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowahudumia. Wabillahi tawfiq.