Umbo la Gari na Hesabu ya Mlima

Tarehe 21 Novemba 2019, kampuni ya Tesla ya Marekani ilizindua pikapu ya umeme iitwayo Cybertruck. Umbo lake liliwashangaza watazamaji: mabapa ya chuma yaliyonyooka, pembe kali, wala hapana mviringo uliozoeleka. Vioo viwili vilivyosifiwa kwa ugumu vilipopasuka jukwaani baada ya kupigwa tufe la chuma, kicheko kilienea duniani. Hata hivyo, wengine waliweka oda zao mara moja. Machi 2022, mchora katuni Masoud Kipanya alipozindua jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolibuni, nalo lilipokewa kwa sifa na kwa dhihaka.

Jicho huhukumu kwa mazoea. Umbo la pikapu ya kawaida limetokana kwa sehemu kubwa na haja ya kuweka injini mbele. Mota ya umeme ni ndogo na yaweza kukaa penye mhimili wa magurudumu. Vilevile, kwa maelezo ya Tesla, chuma kilichochaguliwa kilikuwa kigumu mno kufinyangwa kwa mashine za kawaida, ndiyo sababu mabapa yakaachwa bapa. Lakini ama kicheko ama sifa, hakuna kati ya hivyo kinachojibu swali la mkulima wa Kilimanjaro: je, gari la namna hiyo litaumudu mlima?

Jibu hutafutwa kwa hesabu. Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Tofauti ni takriban mita 1,000. Tuchukue pikapu tupu yenye kilo 1,500. Nishati ya kuinua uzito huo ni tungamo mara mvutano wa dunia mara kimo:

1,500 × 9.8 × 1,000 = jouli 14,700,000

Kilowati-saa moja ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo jawabu ni kilowati-saa 4.1 hivi. Hiyo ni ya kuinua tu. Msuguano wa barabara na ukinzani wa hewa hudai nishati yao zaidi.

Sasa izingatiwe hali ya migombani. Ndizi na kahawa huteremka kwenda sokoni. Mara nyingi gari hupanda likiwa jepesi na kushuka likiwa zito. Likipakiwa kilo 500 za ndizi, nishati inayotolewa na mteremko ule ule ni kilowati-saa 5.4. Katika gari la petroli nishati hiyo huishia kwenye breki kama joto, na breki zikipata moto kupita kiasi huweza kushindwa kazi. Katika gari la umeme, magurudumu huizungusha mota, mota ikageuka jenereta, na sehemu ya nishati ikarudi kwenye betri. Nchini Uswisi, lori la umeme la machimbo lenye tani 45 likiwa tupu lilibuniwa lipande bila mzigo na kushuka na tani 65 za mawe, likijichaji njiani.

Isidhaniwe kwamba kila kitu hurudi. Mota na betri hupoteza kiasi, na mteremko ukiwa wa taratibu msuguano hula karibu nishati yote. Tena betri iliyojaa pomoni haipokei chaji. Hivyo si busara kuijaza kabisa huko juu kabla ya kuteremka.

Gari la ajabu lipimwe kwa tungamo, kimo na mzigo, ndipo lisifiwe au lichekwe.

Zoezi: Pikapu ya kilo 1,800 inashuka mita 600 ikiwa na mzigo wa kilo 700. Tafuta nishati inayotolewa na mteremko kwa kilowati-saa. Ikiwa nusu yake inarudi kwenye betri, je, yatosha kuipandisha tena ikiwa tupu? Eleza.