Dondoo muhimu: Dawa ya nywele ikianza kuchoma

Ukikaa saluni hapa Chato kuweka dawa, kabla kopo halijafunguliwa uliza: maji yapo? Yawe ndoo mbili zilizojaa, karibu na kiti. Dawa ya kulainisha nywele ni alkali kali; ikianza kuchoma, usikubali kuambiwa "vumilia kidogo, ishike". Ioshwe hapohapo kwa maji mengi, kisha shampuu ya kuondoa dawa. Nimeona kichwa kilichovumilia: kesho yake kinatoa majimaji, nywele zimegandia kwenye kigaga.

Siku mbili kabla, usijikune. Usifumue misuko na kuweka dawa siku hiyohiyo. Paka mafuta ya mgando pembezoni mwa nywele, masikioni na kisogoni. Ukirudia dawa baada ya wiki 8, iguse nywele mpya tu.

Rangi nyeusi ya nywele nayo ina hatari yake. Nyingi zina kemikali iitwayo PPD, na mara nyingi hata piko ya harusini inayo. Mzio wake huweza kuchelewa, kwa hiyo paka tone nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Kope zikivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali, na kopo ulibebe.